Mume wangu anauliza kama nataka kuwa sista

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista. Nina miaka 46, ni mwalimu wa shule ya msingi huku Nyanda za Juu Kusini. Nimeolewa miaka 21, tuna watoto wanne, wa mwisho yuko darasa la nne. Mume wangu ni Mlutheri. Ndoa yetu ilifungwa Kanisa Katoliki kwa kibali cha askofu. Karibu na shule yetu kuna nyumba ya masista Wabenediktini. Kwa miaka miwili sasa, jioni nikitoka kazini napita pale nasali nao Masifu ya Jioni, ndipo naenda nyumbani. Siku nisipopita naona kama kuna kitu nimekiacha. Mwezi uliopita sista mmoja aliniambia wanaanzisha kikundi cha waoblati, yaani walei wanaoshiriki maisha yao ya kiroho, akaniuliza kama ningependa kuingia. Nilifurahi mpaka nikalia. Nilipofika nyumbani mambo yakawa mengine. Mume wangu aliuliza, 'Kwa hiyo sasa unataka kuwa sista? Na mimi nitakuwa nani?' Wifi yangu anasema hakuna sista nusu. Mama mmoja wa kikundi anasema tutaweka nadhiri na kushona sare, na kwamba walioingia kwa moyo wote huishi na waume zao kama kaka na dada. Kuna jambo sijamwambia mtu: nilipokuwa na miaka 17 nilikuwa mwaspiranti, yaani msichana anayejaribu maisha ya utawa, kwenye shirika jingine, nikarudishwa nyumbani bila kuelezwa sababu. Je, Mungu ananiita tena? Au ninajidanganya?"

Milele amina, Mwalimu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona swali la nadhiri na sare. Mara ya pili nikamwona mume wako amesimama pale mlangoni, akiuliza yeye atakuwa nani. Mara ya tatu nikamwona yule binti wa miaka 17 aliyerudi nyumbani na sanduku lake bila neno. Nitajibu yote, ila la binti nitaliweka nyuma kidogo, kwa sababu huwezi kulipima vizuri kabla hujajua unachoitiwa sasa ni kitu gani hasa.

Nianze na wifi yako, maana amesema kweli kuliko anavyodhani. Hakuna sista nusu. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 643, inasema mtu aliye katika ndoa hawezi kupokelewa unovisi, yaani kipindi cha malezi kabla ya nadhiri, maadamu ndoa hiyo ipo. Akipokelewa, kupokelewa kwenyewe ni batili. Kwa hiyo mwoblati hajaanza safari ya usista akaishia njiani. Ni mlei, na anabaki mlei mzima: mke wa mumewe, mama wa wanawe, mwanajumuiya wa Jumuiya yake Ndogo Ndogo, mwanaparokia kama wengine. Mlango anaoingilia ni ubatizo alioupokea zamani. Hakuna sakramenti mpya wala daraja jipya.

Najua kwa nini watu wetu wanafikiri vinginevyo. Tumekua tukiuona utakatifu kama ngazi: mapadre na watawa juu, walei chini wakisukuma kwa sala na michango. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, ulitenga sura nzima kusema kwamba wabatizwa wote wameitwa kwenye utakatifu ule ule, kila mmoja katika hali yake ya maisha. Na kabla ya Mtaguso watakatifu walikuwa wameshatuonyesha. Katarina wa Siena, ambaye waumini wengi wakiona picha yake wanasema "yule sista", hakuwa sista wa kuishi konventini. Alikuwa mlei wa familia ya Mtakatifu Dominiko, akiishi nyumbani kwao Siena, nyumba iliyojaa watu na kelele.

Sasa, kushiriki roho ya masista maana yake nini? Neno letu ni karama. Katika karne ya 6 Roho Mtakatifu alimpa Benedikto wa Nursia namna fulani ya kumtafuta Mungu: sala iliyopangwa saa kwa saa, kazi ya mikono, kusoma Maandiko taratibu, kuishi na watu wale wale bila kuwakimbia, kumpokea mgeni kana kwamba ni Kristo. Masista wanaishi namna hiyo, lakini si mali yao; wameipokea na wanaitunza. Nayo haipiti kwa kuvaa kitambaa fulani wala kwa kuandikwa kwenye daftari. Inapita kama lugha inavyopita, kwa kukaa na wanaoizungumza. Wewe umekaa nao kila jioni kwa miaka miwili. Tayari una lafudhi, Mwalimu, na nadhani ndiyo maana yule sista alikuja kwako.

Kanisa linaujua uhusiano huu na limeuwekea utaratibu. Kanuni ya 303 inazitambua jumuiya za waamini wanaoishi ulimwenguni huku wakishiriki roho ya shirika fulani la kitawa, chini ya uongozi wa juu wa shirika lenyewe. Kanuni ya 677 inayadai mashirika yenye jumuiya za namna hiyo yawe na bidii ya pekee ya kuzilea katika roho ya kweli ya familia yao. Na Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake wa Machi 1996 kuhusu maisha ya wakfu, aliuita ushirika huu wa watawa na walei ukurasa mpya wenye matumaini makubwa. Kwa hiyo ulichoalikwa si kitu cha pembeni kilichobuniwa na masista wachache waliochoka kusali peke yao.

Neno "oblati" linatoka kwenye Kilatini, na maana yake ni aliyetolewa, kama vipaji vinavyotolewa altareni. Katika Kanuni ya Benedikto, yaani kitabu cha maisha alichowaandikia watawa wake, sura ya 59, waliotolewa walikuwa watoto, wakiletwa monasterini na wazazi wao. Desturi hiyo ilikwisha zamani. Siku hizi wanaojitoa ni watu wazima, kwa hiari yao, nao wanabaki makwao.

Mwanamke ambaye ningependa umjue kabla hujaamua lolote ni Fransiska wa Roma. Alizaliwa mwaka 1384, akaolewa akiwa binti mdogo na Lorenzo Ponziani, akakaa katika ndoa kwa miaka ipatayo 40. Alizaa, akazika watoto, akapitia vita na njaa mjini Roma, akageuza sehemu ya nyumba yao kuwa mahali pa kuuguzia wagonjwa. Tarehe 15 Agosti 1425, yeye na wanawake wenzake walijitoa kuwa waoblati mbele ya watawa Wabenediktini wa kanisa la Santa Maria Nova. Mume wake alikuwa hai. Nyumba ya Tor de' Specchi aliyoianzisha mwaka 1433 kwa ajili ya wenzake wasio na waume, yeye mwenyewe hakuhamia humo mpaka Lorenzo alipofariki mwaka 1436. Husimuliwa kwamba siku moja akisali aliitwa na mumewe mara nne kwenye ubeti ule ule, na mara zote nne aliinuka akaenda. Aliporudi mara ya mwisho akakuta ubeti ule umeandikwa kwa dhahabu. Hiyo ni simulizi ya watu wa kale, ichukue hivyo. Mimi ninachokipenda ni kwamba waliomkumbuka walichagua kumkumbuka kwa kuinuka, na wala si kwa kupiga magoti.

Kuhusu nadhiri, yule mama wa kikundi amechanganya mambo mawili. Nadhiri, kwa mujibu wa kanuni ya 1191, ni ahadi ya makusudi na ya hiari anayopewa Mungu juu ya jema linalowezekana na lililo bora zaidi, nayo inadai kutimizwa. Watawa huweka nadhiri za hadharani, zikapokelewa na mkuu halali kwa jina la Kanisa. Mwoblati haweki nadhiri. Anatoa ahadi ya kumtumikia Mungu kwa roho ya Kanuni ya Benedikto "kadiri hali ya maisha yake inavyoruhusu". Maneno hayo machache yashike sana, kwa sababu ndiyo yanayomlinda mume wako na wanao.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui hata wakiishi ukuta kwa ukuta na Wabenediktini. Watu wakisikia nadhiri za masista wanafikiria ufukara, usafi wa moyo na utii. Hizo ndizo za mashirika mengi. Lakini Benedikto, katika sura ya 58, anamtaka anayeingia aahidi mambo matatu kwa maneno mengine: kudumu, kuongoka kwa maisha, na utii. Ufukara na useja vimo ndani ya hilo la pili kwa mtawa. Angalia sasa jinsi mambo haya matatu yanavyoingia kwenye nyumba ya mwalimu aliyeolewa bila kubomoa hata tofali moja.

Kudumu ni kuahidi kubaki na watu hawa hawa, mahali hapa hapa, mpaka kufa. Mtawa anaahidi kutowakimbia wenzake hata wanapochosha, na niamini, tunachoshana. Wewe umefanya nini kwa miaka 21? Umefanya hilo hilo. Tofauti ni kwamba kama mwoblati utajifunza kuliona kuwa njia ya kwenda kwa Mungu, na wala si kizuizi kinachokuchelewesha kufika kanisani.

Kuongoka kwa maisha ni kazi ya kila siku ya kuyageuza maisha yamwelekee Mungu. Kwako hiyo ni uaminifu wa ndoa, namna mshahara unavyotumika, mazungumzo ya ofisi ya walimu juu ya mwenzenu asiyekuwepo, na simu unayoishika mtoto anapotaka kukusimulia kitu. Mambo madogo, lakini hayaishi.

Utii kwa Benedikto unaanzia sikioni. Neno la kwanza kabisa la Kanuni yake ni "Sikiliza". Kiswahili chetu kinalielewa hili bila kufundishwa: mtoto asiyetii tunasema hasikii. Na Benedikto hataki utii wa kwenda kwa mkuu peke yake. Katika sura ya 71 anataka ndugu wasikilizane wao kwa wao. Ndiyo kusema swali la mume wako, "Na mimi nitakuwa nani?", si pingamizi dhidi ya wito wako. Yawezekana kabisa ndilo zoezi lako la kwanza la uoblati.

Kwa hilo la kuishi kama kaka na dada niwe mkali kidogo, unisamehe. Anayekufundisha hivyo anakupotosha, hata kama ana nia njema. Ninyi wawili mmebatizwa. Kwa hiyo ndoa yenu ni sakramenti, ingawa yeye ni Mlutheri. Mtume Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorintho sura ya 7, anawaambia mume na mke wasinyimane, isipokuwa kwa kupatana, kwa muda, wapate nafasi ya kusali, kisha warudiane. Wote wawili wapatane, tena kwa muda. Na nadhiri ya siri ya namna hiyo, hata ungeiweka usiku kwa machozi, haiwezi kumfunga mwingine: kanuni ya 1193 inasema nadhiri humfunga aliyeiweka tu. Huwezi kumtolea Mungu kitu ambacho ulishampa mtu mwingine mbele ya altare. Kama ndani yako kuna sehemu iliyopumua uliposikia habari ya kaka na dada, kana kwamba ungepata ruhusa takatifu ya kuondoka chumbani, usiione aibu, lakini usiiite wito. Iite kwa jina lake, uzungumze na mumeo au na mshauri wa ndoa.

Sasa njia yenyewe. Usiogope kwamba utaulizwa kesho. Sura ile ile ya 58 inaagiza anayekuja asirahisishiwe kuingia. Akishapokelewa kwenye malezi, asomewe Kanuni yote baada ya miezi 2, tena baada ya miezi 6, tena baada ya miezi 4, na kila mara aambiwe: hii ndiyo sheria unayotaka kuishi chini yake, ukiweza ingia, usipoweza nenda huru. Miezi 12 jumla. Waoblati nao kwa desturi hupewa muda wa majaribio usiopungua mwaka mmoja. Ukiona kikundi kinataka watu watoe ahadi ndani ya wiki tatu ili picha zipigwe siku ya sikukuu, omba kusubiri. Hakuna anayepoteza neema kwa kusubiri.

Katika mwaka huo utajifunza kusali kidogo na kwa uaminifu. Kanuni imezigawa zaburi zote 150 ziishe ndani ya juma moja, lakini hiyo ni ya monasteri yenye kwaya na kengele. Wewe usijaribu. Masifu ya Jioni unayo tayari. Ongeza zaburi moja na Wimbo wa Zakaria asubuhi kabla ya kuwasha jiko, na dakika 10 za Injili ya siku, ukisoma polepole mpaka neno moja likushike, ukae nalo. Siku mtoto anaumwa, sala yako ni kukesha naye. Sura ya 36 inasema mgonjwa atunzwe kama Kristo mwenyewe, kabla ya mambo yote.

Na usiishie kwenye sala. Katika sura ya 31 Benedikto anamwagiza mtunza ghala aviangalie vyombo vyote vya monasteri kana kwamba ni vyombo vitakatifu vya altare. Fikiria maana yake jikoni kwako: sufuria, ndoo, jembe, na kule darasani chaki na madaftari ya watoto 80. Mimi miaka yote nimeliona hili kuwa somo gumu kuliko zaburi. Ni rahisi kuinama mbele ya tabernakulo. Kulikung'uta jembe la udongo na kulirudisha mahali pake kwa heshima hakuna anayekuona. Wewe ni mwalimu, kengele unaijua. Sura ya 43 inasema ikilia ya sala, mtu aache alichoshika mkononi. Kwako kengele inaweza kuwa sauti ya mumeo akirudi, na ulichoshika mkononi kikawa rozari.

Kuhusu sare: mwulize sista mlezi, si mama wa kikundi. Mwoblati hahitaji vazi maalumu ili awe mwoblati. Pengine kikundi kitapenda kitenge kimoja kwa siku za sikukuu kama WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, wanavyofanya, na hapo hakuna ubaya, mradi asiyeweza kununua asionekane pungufu. Mchango wa chakula siku ya mafungo ni haki, na nakala ya Kanuni utainunua. Ukisikia kiingilio kikubwa au mchango usio na risiti, uliza waziwazi kwa mkuu wa nyumba. Na wengi huvaa medali ya Mtakatifu Benedikto. Ivae ukipenda, iombewe baraka, lakini ikumbushe sala. Siku hizi nawaona watu wakiishonea kwenye nguo za watoto wachanga na kuifukia mlangoni kama hirizi, na moyo unaniuma. Yule mzee alifundisha watu kumtumaini Mungu.

Nikuambie pia gharama, maana haitakuwa haki kukuonyesha upande mmoja. Kikundi kitachukua Jumamosi kadhaa, na Jumamosi zako zina wenyewe. Kinaweza kukutoa kwenye Jumuiya yako Ndogo Ndogo bila wewe kutambua, ukaanza kuona sala za majirani ni za kelele na zile za konventi ndizo sala. Nimewaona waoblati wazuri wakipotea hivyo, wakawa kikundi cha marafiki wa masista wanaopishana kubeba zawadi. Masista wenyewe huhamishwa. Yule uliyemzoea anaweza kupelekwa nyumba nyingine Januari, na mwoblati hufungamana na jumuiya, hafungamani na sista mmoja. Kikundi kipya, zaidi ya hapo, huwa hakijajijua. Kabla hujaingia uliza: mkuu wa nyumba amekikubali? Mlezi ni nani? Paroko anajua? Kama majibu yanazungukazunguka, subiri.

Tena huna lazima ya njia hii pekee. Wafransisko Wasekulari, ambao huku wengi tunawaita Utawa wa Tatu, wana kanuni yao waliyopewa na Papa Paulo VI mwaka 1978. Wao wanajiongoza kwa viongozi walei wanaowachagua wenyewe, wanapokea malezi, na ahadi yao ya mwisho ni ya maisha. Kama moyo wako unavutwa zaidi na maskini na udugu kuliko zaburi na ukimya, kaa nao kidogo uone. Mashirika mengine ya masista yana walei washirika, ambao mara nyingi hutoa ahadi ya mwaka mmoja mmoja na kushiriki zaidi utume wa shirika: wagonjwa, yatima, shule. Na kuna njia ya tatu ambayo hakuna anayeitangaza, nayo ni kuendelea kama ulivyo, ukipita jioni, ukisali, ukienda nyumbani. Hiyo si hatua ya kusubiria. Kuna wanawake wameishi hivyo miaka 30 na sisi tunawategemea kuliko wanavyojua.

Sasa yule binti.

Kwanza, walikosea kukurudisha bila kukueleza. Naliandika wazi kwa sababu huenda hujawahi kuambiwa na mtawa. Kipindi cha uaspiranti ni cha pande zote mbili kuchunguzana, na kurudi nyumbani ni tokeo moja la halali kabisa. Lakini mtu anastahili neno. Mimi mwenyewe nimekuwa mlezi, na nimewahi kumwambia msichana maneno machache mno kwa sababu niliogopa machozi yake. Yeye alienda na maneno yale machache, mimi nikabaki na usingizi wangu. Najuta mpaka leo. Ukimya wa mlezi mara nyingi ni woga wa mlezi; hausemi lolote juu ya thamani ya binti, na wala si sauti ya Mungu ikikukataa.

Pili, ulisema ulifurahi mpaka ukalia. Jiulize kwa upole: aliyelia ni nani, mwalimu wa miaka 46 au binti wa miaka 17? Inawezekana ni wote wawili, na hakuna ubaya. Lakini wana haja tofauti. Binti anataka mlango uliofungwa ufunguliwe, aambiwe kwamba anafaa. Uoblati hauwezi kumpa hilo. Ukimpeleka pale ajitibu, atadai sare, atadai nadhiri, atataka aitwe kwa jina la kitawa, na kila sista akimnunia siku moja atarudi kwenye lile sanduku. Mwalimu anataka kitu kingine: kusali na watu wanaosali, na kwenda nyumbani. Huyo ndiye ninayemsikia akiongea sehemu kubwa ya barua yako, anapopita jioni bila sare wala cheo, miaka miwili, bila kuombwa na mtu.

Kipimo ninachowapa walei ninaowalea ni hiki. Masista wakikuambia kesho kwamba kikundi hakitaanzishwa, ila benchi lako lipo, je, utaendelea kupita? Na ukitoka kanisani jioni, je, miguu inakwenda nyumbani kwa wepesi zaidi au kwa uzito zaidi? Kama sala inakurudisha kwa mumeo na wanao ukiwa na subira zaidi, hujidanganyi. Kama inakufanya uwaone wao kuwa usumbufu, simama kwanza. Unaweza hata kuwauliza watoto, bila kuwaambia kwa nini. Wa darasa la nne husema kweli.

Je, Mungu anakuita tena? Wito ule wa zamani, sidhani unarudi. Ulimpa mwanaume neno lako na Mungu alilipokea. Naona unaitwa kuishi vizuri zaidi hapo ulipo, ukisaidiwa na familia ya Benedikto. Ila mimi nakuona kwa barua tu. Tafuta mtu wa kukaa naye ana kwa ana kabla ya ahadi yoyote: padre unayeungama kwake, au sista mlezi ambaye si rafiki yako wa karibu. Mwambie habari ya uaspiranti, yote. Ikiwa ukiigusa habari hiyo unakosa usingizi kwa wiki, hamu ya chakula inakwisha, au unaona maisha hayana maana, nenda na hospitali ukaonane na mtaalamu wa afya ya akili. Sala na tiba havigombani. Na kama nyumbani kuna kipigo au vitisho ambavyo hukuviandika, hilo linatangulia haya yote: zungumza na mtu unayemwamini na nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kudumu kwa Benedikto hakumaanishi kuvumilia kupigwa.

Imebaki kwa mume wako. Usimpelekee uamuzi, mpelekee maswali yako, na umwonyeshe hata barua hii. Mwambie kwamba hakuna nadhiri, hakuna chumba tofauti, na kwamba hutatoa ahadi yoyote yeye asipokuwa na amani nayo. Kama ni mwaka, ni mwaka, kama ni miaka mitatu, ni mitatu. Halafu mwalike. Mgeni Mlutheri katika Masifu ya Jioni hana kizuizi chochote, na nyumba nyingi za Kibenediktini hupokea hata Wakristo wabatizwa wa madhehebu mengine kuwa waoblati. Wala hatajiona ugenini kama anavyofikiri. Kila jioni masista wanaimba Wimbo wa Maria, na Martin Luther aliupenda wimbo huo kiasi cha kuuandikia ufafanuzi mzima mwaka 1521. Mwambie hilo. Jumapili aje akae nawe benchi la nyuma, karibu na mlango, na mkitoka usimuulize ameonaje mpaka aseme mwenyewe.